Maumivu yametoka mguuni na kuzidi kiunoni: je, niendelee na mazoezi ya fiziotherapia?

Mpakiaji wa Ghalani ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Naomba ushauri wa watu wenye ujuzi au waliopitia hali kama yangu, kwa sababu nimefika mahali sijui kama ninapona au ninajiumiza zaidi.

Hii ni wiki ya 5 tangu nilipoumia kiuno nikiwa kazini. Nilikuwa nimeinama kuchukua kasha lililokuwa chini kabisa, nikageuka upande kabla sijasimama wima, na papo hapo nikahisi kitu kama kamba iliyofyatuka karibu na nyonga ya kushoto. Siku ya kwanza maumivu yalikuwa kiunoni peke yake. Siku ya tatu yalishuka hadi kwenye tako, yakapita nyuma ya paja, na kabla wiki haijaisha yalikuwa yamefika kwenye shavu la mguu, yakifuatana na ganzi katika kidole gumba. Nililala kitandani siku 6 bila kutoka, kwa kuwa kila aliyekuja kunijulia hali alisisitiza kwamba mgongo ulioumia haufai kusumbuliwa. Nilipoamka nilikuwa nimekakamaa kuliko nilivyolala.

Picha ya MRI ilionyesha kwamba diski, yaani ule mto ulio kati ya pingili ya 4 na ya 5 za kiuno, imechomoza upande wa kushoto, na kwamba diski nyingine mbili zimechakaa. Neno hilo la kuchakaa limenikosesha usingizi, maana nina umri wa miaka 38 tu. Daktari alinipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye hakunikanda wala kuniwekea mashine yoyote, jambo lililonishangaza kidogo. Alinitaka nitembee kwa visigino, kisha kwa vidole, akanigonga magoti kwa nyundo ndogo, akauinua mguu wangu ukiwa umenyooka, na mwisho akanilaza kifudifudi. Zoezi alilonipa ni kulala hivyo hivyo, kuweka viganja chini usawa wa mabega, na kuinua kifua huku nyonga zikibaki zimelegea kitandani, mara 10 kila baada ya saa 2 hivi.

Leo ni siku ya 9 tangu nianze. Maumivu ya shavu la mguu yametoweka na ya paja yamepungua sana, lakini kiuno chenyewe kinauma kuliko mwanzo, hasa upande ule ule wa kushoto. Nyumbani wananiambia niache, kwamba mtaalamu huyu anauvunja mgongo uliokwisha kuvunjika. Je, wana haki? Na je, mtu mwenye diski zilizochakaa anaweza kurudi kubeba mizigo, au nianze kutafuta kazi nyingine?

Mtaalamu wa Viungo amejibu:

Pole sana, ndugu. Ninafanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka mingi sasa, na ingawa siwezi kukupima kupitia maandishi, nitakueleza namna wenzangu na mimi tunavyozisoma dalili za aina hii.

Kabla ya yote, jiulize mambo yafuatayo leo hii. Je, unapata shida kuanza kukojoa, au mkojo unatoka bila wewe kujua? Je, umeshindwa kuzuia haja kubwa? Je, kuna ganzi katika sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja, yaani pale mwili unapokutana na tandiko la baiskeli? Je, miguu yote miwili inalegea, au unyayo mmoja unaburuzika unapotembea? Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, acha kusoma na uende idara ya dharura sasa hivi, kwa sababu fungu la neva zilizo mwisho wa uti wa mgongo linaweza kuwa limebanwa, na hapo kuchelewa kwa saa chache kunaweza kuacha kilema cha kudumu. Vivyo hivyo, homa, kupungua uzito bila sababu, au maumivu yasiyobadilika kwa mkao wowote usiku na mchana huhitaji daktari, wala si mazoezi.

Ikiwa majibu yako yote ni hapana, basi hicho unachokiogopa huenda ndicho ambacho mtaalamu wako alikuwa akikitafuta. Maumivu yanayotoka mbali mguuni yakarudi pajani, kisha takoni, kisha yakakusanyika katikati ya kiuno, ni dalili njema hata kama kiuno kinauma zaidi kwa muda. Sisi husema maumivu yamerudi katikati. Mwendo wa kinyume ndio wa kuogopwa: kiuno kikatulia lakini maumivu na ganzi vikateremka kuelekea unyayoni, hata kama jumla ya maumivu unaihisi kuwa ndogo. Kwa hiyo usipime maendeleo yako kwa ukali wa maumivu peke yake, bali uyapime pia kwa mahali yalipofika.

Jambo hili lina kisa chake. Mwaka 1956 huko Wellington, New Zealand, mtaalamu wa fiziotherapia Robin McKenzie alimwambia mgonjwa mmoja, aliyekuwa na maumivu yaliyoshuka hadi gotini, apande kitandani alale kifudifudi amsubiri. Sehemu ya kichwani ya kitanda ilikuwa imeinuliwa kwa ajili ya mgonjwa aliyetangulia, na huyu akalala juu yake vivyo hivyo, mgongo umepinda kinyumenyume kwa namna ambayo enzi hizo ilidhaniwa kuwa ni hatari. McKenzie aliporudi baada ya dakika kadhaa alishtuka, lakini mgonjwa akamwambia kwamba mguu umepoa kuliko wakati wowote katika wiki zilizopita. Zoezi ulilopewa ni la ukoo huo.

Hata hivyo, si kila mgongo unapenda kupindishwa nyuma. Wapo wagonjwa, hasa wazee ambao mfereji wa uti wa mgongo umekuwa mwembamba, wanaopata nafuu wakiinama na kuumia wakijinyoosha. Ndiyo maana mtaalamu wako alikuchunguza kwa muda mrefu kabla ya kukupa zoezi moja tu, na ndiyo maana nisingependa jirani yako mwenye maumivu ya kiuno aige zoezi lako kwa kuwa limekufaa wewe.

Kuhusu kuchakaa, naomba ulitazame neno hilo kama mvi. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za watu 3,110 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoonyesha kuchakaa, na kwa wenye miaka 80 kiwango hicho kilifika asilimia 96. Hao ni watu waliokuwa wakitembea, wakiinama na kufanya kazi zao bila kujua kwamba wana kitu cha kuandikwa kwenye ripoti. Kuchomoza kwa diski yako kunaoana na ganzi ya kidole gumba, hivyo hilo nalichukulia kwa uzito. Hizo diski nyingine mbili nisingeziwekea hofu.

Mshonaji Mstaafu amejibu:

Mwanangu, mimi si mtaalamu, ila nimeumwa na mguu huo huo kwa miezi 7, nami nataka nikusimulie kosa langu ili usilirudie.

Nilipopewa mazoezi niliyafanya kwa bidii mno. Niliambiwa mara 10, nikafanya 40, nikiamini kwamba dawa ikizidi huponya haraka. Baada ya wiki mbili kiuno kilivimba kwa maumivu, nikamlaumu mtaalamu, nikaacha kabisa, nikarudi kulala. Wiki tatu za kulala zikanifanya nishindwe hata kukaa kwenye kiti kula chakula. Nilipomrudia yule bwana kwa aibu, hakunigombeza. Alinipa daftari dogo na kunitaka niandike mambo matatu kila jioni: maumivu yalifika wapi mguuni, nilitembea dakika ngapi, na asubuhi iliyofuata niliamkaje. Daftari hilo lilinifundisha zaidi kuliko maneno yake yote, kwa sababu nilikuwa na mazoea ya kukumbuka siku mbaya tu. Nilipoyafungua majuma 6 ya maandishi yangu niliona kwamba siku mbaya zilikuwepo, tena nyingi, lakini kila moja ilikuwa fupi kuliko iliyoitangulia.

Kutembea nilianza na dakika 5, mara nne kwa siku, nikizunguka ndani ya nyumba. Usicheke. Kuna siku dakika 5 zilikuwa safari.

Na watu wa nyumbani uwavumilie, maana wanakupenda. Nenda nao siku moja kwa mtaalamu wakasikie kwa masikio yao. Mume wangu aliacha kunikataza siku alipoambiwa mbele yangu kwamba mgongo si kigae.

Msomaji wa Tafiti amejibu:

Nakubaliana na mengi yaliyosemwa hapo juu, lakini ningependa tusilitukuze zoezi kupita kiasi.

Mwaka 1995 watafiti wa Finland waliwagawa watu 186 waliopatwa na maumivu mapya ya kiuno katika makundi matatu: wa kwanza walale siku 2, wa pili wafanye mazoezi ya kulainisha mgongo, na wa tatu waendelee na shughuli zao za kawaida kadiri maumivu yalivyowaruhusu. Waliopona upesi zaidi ni wale wa tatu. Waliolala walichelewa kuliko wote, jambo ambalo leo halimshangazi mtu, lakini watu hupenda kusahau kwamba hata kundi la mazoezi halikulishinda kundi la shughuli za kawaida. Kwa hiyo katika siku za mwanzo kabisa mwili unachohitaji ni kutokulazwa tu. Mazoezi yaliyopangwa huonyesha thamani yake baadaye, maumivu yanapong'ang'ania au yanapokuwa na tabia ya kurudi.

Na juu ya kurudi huko, upo utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024 ambao naupenda kwa urahisi wake. Watu wazima 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno waligawanywa: kundi moja likapewa mpango wa kutembea uliopanda taratibu, pamoja na mafunzo kutoka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na kundi jingine halikupewa kitu. Kwa waliotembea, muda wa kati kabla ya maumivu kurudi kwa kiwango cha kuwazuia kufanya shughuli ulikuwa siku 208. Kwa wengine ulikuwa siku 112. Kutembea hakukuwakinga milele, ila kulikaribia kuuongeza maradufu muda wa amani yao. Mimi sijaona mkanda wa kiuno wala kiti cha kisasa kilichofanya hivyo.

Pia ndugu muulizaji hakutaja upasuaji, ingawa nahisi utamjia akilini mambo yakichelewa. Uholanzi waliwafuatilia watu 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu ya mguu haraka zaidi. Lakini mwaka ulipotimia makundi yote mawili yalikuwa sawa, takriban asilimia 95 wakisema wamepona, ingawa katika kundi lililosubiri asilimia 39 waliishia kupasuliwa baadaye kwa sababu hawakustahimili. Maana yake ni kwamba upasuaji ni njia halali ya kununua muda, na aliyeuchagua hajashindwa. Mgonjwa ambaye mguu wake unazidi kukosa nguvu, huyo hana anasa ya kuchagua kwa utulivu namna hii.

Mpakiaji wa Ghalani ameandika tena:

Nawashukuru nyote, na shikamoo mama mshonaji. Nimejiuliza maswali yale yote ya dharura na majibu ni hapana, isipokuwa ganzi ya kidole gumba bado ipo. Nimeshusha pumzi.

Ila nimebaki na maswali mawili. Kwanza, nitajuaje kwamba maumivu ninayoyasikia wakati wa zoezi ni yale yanayovumilika, na si onyo la kuacha? Pili, hiyo diski iliyochomoza inarudi ndani yenyewe? Mtu mmoja aliniambia kwamba isiporudishwa kwa mikono itabaki nje maisha yangu yote.

Mtaalamu wa Viungo amejibu:

Nitaanza na la pili, kwa sababu ndilo linaloharibu usingizi wa watu wengi. Diski si sahani iliyopachikwa kati ya mifupa ikateleza. Imeshikamana imara na pingili za juu na chini yake, nayo ina kiini laini kilichozungukwa na matabaka ya nyuzi ngumu. Nyuzi zikichanika, sehemu ya kiini husukumwa nje na kuubughudhi mzizi wa neva, kwa kuubana na pia kwa kemikali za uvimbe. Hakuna mikono inayoweza kuirudisha, hata ya bingwa, na ule mlio unaosikika mtu anaponyoshwa mgongo ni gesi iliyo katika maji ya viungo. Kinachotokea ni kwamba chembechembe za kinga za mwili hukitambua kipande kilichotoka kama kitu kigeni, zikakishambulia na kukimeza kidogo kidogo kwa miezi. Ajabu ni kwamba vipande vikubwa vilivyotoka kabisa huwa na tabia ya kusinyaa zaidi kuliko uvimbe mdogo ambao bado umezingirwa na nyuzi. Ganzi kwa kawaida huwa ya mwisho kuondoka, kwa kuwa neva hupona polepole, kwa hiyo usiihesabu kama kushindwa ikikaa wiki nyingi baada ya maumivu kwisha. Ila ikipanda au ikienea, toa taarifa.

Sasa kuhusu kuvumilia. Yapime maumivu yako kwa alama kuanzia 0, yaani hakuna kabisa, hadi 10. Wengi wetu humruhusu mgonjwa aendelee ikiwa zoezi linapandisha maumivu ya kiuno kwa alama moja au mbili, yakatulia ndani ya saa moja hivi, na asubuhi ya pili akaamka jinsi alivyokuwa jana au vizuri zaidi. Kama umeamka umekakamaa kuliko kawaida, hujavunja kitu. Umezidisha kipimo, basi punguza kwa nusu siku hiyo bila kuacha kabisa. Kinachokufanya usitishe ni maumivu au ganzi inayoteremka chini ya goti na kubaki huko baada ya zoezi kumalizika, au nguvu za mguu kupungua. Nguvu hizo unaweza kuzipima mwenyewe kila asubuhi kwa kutembea hatua 10 kwa visigino na 10 kwa vidole.

Zoezi hili la kifudifudi litakwisha kazi yake, pengine katika wiki chache. Baada ya hapo mtaalamu wako asikuache hapo. Mwombe akuhamishe kwenye mazoezi ya kujenga nguvu: kulala chali na kuinua nyonga, kupiga magoti na viganja chini kisha kunyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, na hatimaye kuinama kwa kukunja nyonga ukiwa umeshika uzito halisi. Nimeona watu wengi waliotulizwa maumivu vizuri kabisa, wakarudi kazini wakiwa na mgongo usiouma lakini dhaifu, na wakaumia tena mwezi huo huo.

Mpakiaji wa Ghalani ameandika tena:

Na mizigo? Hilo ndilo linalonilisha.

Mtaalamu wa Viungo amejibu:

Utabeba, ndugu, isipokuwa mambo yageuke kwa namna ambayo sasa haionekani. Kitakachokuumiza si kubeba bali ni kuruka kutoka kilo 0 hadi kilo 40 siku ya kwanza. Zungumza na msimamizi wako mapema, ikiwezekana ukiwa na barua ya mtaalamu wako, uombe urudi kwa awamu: kwanza saa chache za kazi nyepesi ukiwa bado na mazoezi, kisha mizigo midogo iliyo juu ya meza, usawa wa kiuno, ambako huhitaji kuinama. Ukimaliza wiki nzima bila mguu kulalamika, ushuke hadi usawa wa magoti, na mwisho sakafuni. Ongeza kitu kimoja kwa wakati, ama uzito, ama kina cha kuinama, ama muda. Ukiviongeza vyote pamoja hutajua kipi kilikuumiza.

Mzigo uwe karibu na tumbo, kwa sababu kasha la kilo 10 lililonyooshewa mikono huusumbua mgongo kuliko zito zaidi lililokumbatiwa. Geuka kwa kusogeza nyayo, si kwa kusokota kiuno huku umebeba, maana umetuambia mwenyewe kwamba ndivyo ulivyoumia. Na asubuhi ujipe muda kabla ya kuinama sana. Usiku diski hufyonza maji na kujaa, na katika saa ya kwanza baada ya kuamka huwa ngumu kupindishwa. Kama zamu yako huanza alfajiri, amka mapema kidogo na utembee kwanza, kisha ndipo ukaguse kasha la kwanza.

Mshonaji Mstaafu amejibu:

Marahaba, mwanangu. Daftari umeshanunua?

Mpakiaji wa Ghalani ameandika tena:

Nimeanza jana, mama. Ukurasa wa kwanza unasema: maumivu yaliishia takoni, nilitembea dakika 12, na niliamka nikavaa soksi ya kushoto bila kusaidiwa.